Muulize Tante: Nkambo hayupo tena, tukutane kwa ajili ya nani?

Mwezi wa nane ukikaribia, barua zenu hubadilika. Mwaka mzima mnaniuliza habari za mahari na wapangaji wasiolipa, kisha ghafla kila mtu ana ukoo. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza ndefu, na jibu lake ni refu vilevile, mnisamehe.

*Tante, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kampemba, hapa Lubumbashi. Kila tarehe 1 mwezi wa nane, Siku ya Wazazi, ukoo wetu hukutana katika kiwanja cha nkambo (babu na bibi) kule Katuba. Nkambo mwanaume alitoka upande wa Bukama akiwa kijana, akafanya kazi kwenye kampuni ya migodi, Union Minière, mpaka ikageuka Gécamines. Alipofariki, nkambo mwanamke ndiye aliyetushika. Mwaka jana naye akatuacha. Sasa wakubwa wameniambia mimi niandae, eti kwa sababu najua kupanga mambo. Ukweli, sherehe imechoka. Asubuhi tunakwenda makaburini watu kumi. Saa saba kwenye chakula tunakuwa themanini. Vijana wanakaa chini ya mwembe na simu zao. Wale wa Kolwezi wanafika na magari makubwa, wanakula, saa kumi wameshaondoka, eti barabara. Baba wadogo wanahutubia mpaka bukari, ugali wetu, inapoa. Kila mwaka tunagombana juu ya sare ya kikwembe (kitenge). Ndugu za nkambo mwanamke, Wabemba wa Kasenga, hatujawahi kuwaalika, kwa sababu wakubwa wanasema ukoo ni wa upande wa baba. Binamu yangu wa Johannesburg anataka tukodi ukumbi wenye bwawa la kuogelea, atalipa yeye. Na mwaka jana mwanangu wa miaka kumi na sita aliniuliza: "Mama, hawa watu wote ni nani?" Nifanye kama nkambo alivyofanya, au niache tu, tuwe tunaonana kwenye vilio?*
*Mjukuu wa Katuba*

Mjukuu, pole kwa kufiwa na nkambo, na pole ya pili kwa mzigo waliokutwika.

Nianze na swali la mwanao, maana ndilo barua yenyewe. Kijana amekula bukari na watu hao tangu alipoota meno, na bado hawajui. Usimwone mtovu wa adabu. Nkambo alipokuwa hai haikuhitajika kumfundisha mtu: kila mmoja alijijua kwa kupitia yeye. Yule ni wa binti yangu wa nne, huyu ni wa marehemu, basi, wote wanasogea kwenye kiti kimoja. Kiti kikibaki kitupu, watu themanini wanatazamana.

Sasa hili la "kama nkambo alivyofanya". Wakubwa wako watakwambia ni mila, haiguswi. Waulize kwa heshima zote: mila ya wapi? Siku ya Wazazi iliwekwa na serikali, ni siku ya mapumziko katika Kongo nzima, asubuhi kwa wazazi waliolala, mchana kwa walio hai. Haikutoka Bukama. Mji wetu wenyewe ulianza mwaka 1910, pamoja na reli. Union Minière ilileta wanaume kutoka Lomami, Kasai, Luapula, hata Rwanda, na mwanzoni haikuwataka wake zao. Ni kuanzia 1928 ndipo ilipogeuka, ikawapa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza waishi kambini na wake na watoto, kwa sababu kutafuta vibarua wapya kila mara kulikuwa hasara. Hapo ndipo koo nyingi za mji huu zilipotengenezwa, kwa watu waliokuwepo: jirani aliyezaliwa kando ya mto mmoja na wewe akawa baba mdogo, mke wake akakupikia uji ulipougua, watoto wenu wakakatazwa kuoana. Kwa hiyo nkambo wako, siku alipowaita watu chini ya mwembe ule kwa mara ya kwanza, alikuwa anabuni. Na wewe ukibuni, umemfuata.

Lakini ubuni nini? Ukumbi wenye bwawa? Hapana, hilo nitalirudia.

Soma tena barua yako na utazame nani mwenyeji na nani mgeni. Wenyeji ni wewe, baba wadogo wenye hotuba, na wanawake walio jikoni ambao hata hukuwataja. Waliobaki wote ni wageni: wanapokelewa, wanakalishwa, wanalishwa, wanaagwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una vijana waliokuwa wageni tangu kuzaliwa, na mnawalaumu kwa kushika simu. Mgeni asiye na kazi atashika nini?

Basi wape jembe, na nasema jembe la chuma. Anza na makaburi. Waulize wakubwa: nani kati yenu anaweza kwenda peke yake mpaka kwa nkambo bila kuuliza njia? Katika familia nyingi ninazozijua ni mtu mmoja tu, mara nyingi mzee kuliko wote, na siku akiondoka yeye, kaburi limepotea, kwa kuwa makaburi ya mji yamejaa na mistari imeingiliana. Mkabidhi mwanao kazi hiyo, pamoja na binamu zake wa rika lake, mmoja kutoka kila nyumba. Waende kabla ya siku yenyewe, wakatafute. Wachore ramani kwenye daftari, waweke alama ya mahali kwenye simu zao zilezile mnazozitukana, wapige picha ya kila msalaba na kuandika jina na miaka kabla rangi haijafutika. Siku ya tarehe 1 wao ndio watangulie na majembe, chokaa na maji; wakubwa wafuate nyuma. Mwanzo wa mwezi wa nane asubuhi ni baridi na nyasi zimekauka, kazi inakwenda haraka. Pale kaburini mzee mmoja aseme jambo moja alilomwona marehemu akilifanya. Jambo moja. Mahubiri yaachwe kanisani.

Halafu weka sheria: chakula hakipakuliwi mpaka waliotoka makaburini wamerudi na kunawa, na wanaowapakulia ni baba wadogo kwa mikono yao. Mwaka wa kwanza watacheka na kupiga picha. Mwaka wa pili utaona msafara wa asubuhi umekuwa mrefu.

Jikoni ni vilevile. Nilifundisha shule ya msingi katika kambi ya Gécamines mpaka nikastaafu, na nilikuwa na zoezi langu: kila mtoto aandike majina ya nkambo zake wanne na ndugu za mama yake. Wasichana walijaza ukurasa. Wavulana waliandika majina mawili, kisha wakaanza kuchora wachezaji wa mpira wa Mazembe. Si kwamba wasichana walikuwa na akili zaidi. Walikuwa wanachambua sombe (majani ya muhogo) karibu na mama zao, na jikoni ndiko habari za ukoo zinakosemwa bila kupambwa: nani aliolewa mara ya pili, nani aligombana na nani juu ya baiskeli, kwa nini tante fulani haendi Likasi. Wavulana tumewanyima chuo hicho. Bukari ya watu themanini ni kazi ya mabega; waweke wavulana kwenye mwiko, kwenye mbabula ya makaa, kwenye kukaanga samaki wa Thomson, na wanawake wakubwa wakae nao waelekeze huku wakiongea. Itakuwa na madonge, mtakula tu.

Hotuba. Hapa najua utaogopa, kwa hiyo nilaumu mimi, sema ni Tante wa gazeti. Ukimwambia mzee "Papa, tuelezee historia ya ukoo", utapata hotuba na unastahili kuipata. Muulize kitu. Mwaka 2000 watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, walianza mradi wa Kumbukumbu za Lubumbashi: waliwasikiliza wakazi wa kawaida na kukusanya vitu vya majumbani mwao pamoja na hadithi zake. Iga hilo. Kila nyumba ilete kitu kimoja cha wazee na kukiweka mezani. Kipande cha kazi chenye namba ya nkambo. Kitambaa alichodarizi nkambo mwanamke kwenye foyer, darasa la wanawake la kambi. Pasi ya makaa. Ile picha ya mamba muntu, yaani nguva, iliyokuwa sebuleni ikiwatisha watoto, kama haijaliwa na mchwa. Mtoto anainua kitu, anauliza kilikuwa cha nini, aliyekijua anajibu. Mzee aliyezoea kuhutubia saa nzima juu ya umoja, mpe namba ya kazi ya baba yake mkononi, utamwona anatafuta maneno.

Na yaliyo machungu pia yasemwe, angalau baadhi. Mwaka 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka Gécamines kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, baada ya miezi na miezi bila mshahara, kila mmoja na malipo yake ya mara moja yaliyotokana na fedha za Benki ya Dunia. Wajukuu wanamwona mzee anayelima mahindi nje ya mji na hawajui kwamba alikuwa fundi. Hawajui pesa zile zilikwenda wapi, nao wazee wanaona aibu, kwa hiyo kuna shimo katikati ya ukoo na kila mtu analizunguka. Mzee mmoja akithubutu kueleza, vijana wataelewa mambo mengi, hata ukali wa baba zao. Lingine liguse polepole: familia nyingi hapa zina shemeji wa Kasai aliyepanda treni mwaka 1993, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, na hakurudi. Hilo usiliweke mezani mbele ya watu themanini kabla hujakaa na walioachwa. Wakikataa, heshimu.

Sasa Wabemba wa Kasenga. Mjukuu, hapa wakubwa wako wananikasirisha kidogo. Kwa Waluba, watu wa nkambo mwanaume, mtoto ni wa baba; kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama, na muyomba, kaka wa mama, ndiye mwenye neno. Maana yake, wakati nyinyi mnasema wale hawamo, wao huko Kasenga wanahesabu kwamba nyinyi nyote mliozaliwa na dada yao mlikuwa watoto wao, na mmeibwa. Nkambo mwanamke ndiye aliyewashika, umeandika hivyo kwa mkono wako, halafu ndugu zake wakae nje ya uzio? Mwaka huu wa kwanza bila yeye, alika kaka yake au mtoto wa dada yake. Watu wawili tu wanatosha, na nauli mlipe nyinyi. Watazame pia watoto wa binti zenu. Hao ndio wanaodondoka kimyakimya katika kizazi cha pili, kwa sababu wanaambiwa ukoo wao uko kwa baba yao. Kabidhi nyumba ya binti mmoja maandalizi ya mwaka kesho, uone kama watakuja wakiburutwa.

Watu wa Kolwezi wana haki juu ya barabara. Ni karibu kilomita 300, na malori yale mnayajua. (Tangu 2015 Kolwezi ni makao makuu ya mkoa wa Lualaba, nao hawaachi kutukumbusha.) Usiwaombe wachelewe kuondoka. Waombe wafike tarehe 31 jioni na walale. Watoto hawafahamiani kwenye viti vya plastiki mchana. Wanafahamiana usiku, sita kwenye mkeka mmoja, wakicheka gizani na kufokewa. Kwangu mimi usiku huo ni bora kuliko sherehe yenyewe, na ungenilazimisha nichague kimoja ningefuta chakula cha mchana.

Pesa. Futa sare ya kila mwaka. Najua inapendeza kwenye picha. Lakini kuna tante mmoja huko Ruashi asiyekuja kwa kuwa hana ya kikwembe, na atakwambia alikuwa anaumwa. Kama mnataka sare, nunueni moja ya miaka mitano. Mchango uwe wa vitu kadiri nyumba inavyoweza: gunia la makaa, mfuko wa unga, ndoo ya kinywaji cha munkoyo, na asiye na kitu aje mapema kufagia. Kitabu cha michango kisisomwe kwa sauti kamwe. Kusoma majina na kiasi mbele ya watu kumevunja koo nyingi kuliko ulozi, na mimi naamini ulozi upo.

Binamu wa Johannesburg anapenda, tatizo ni kwamba anapenda kwa mbali. Kwenye ukumbi wa kukodi kuna wahudumu, na penye wahudumu sote ni wageni, tumerudi palepale. Mshukuru. Mwambie alipe nauli za Kasenga, akarabati choo cha kiwanja, halafu mpe kazi: apigiwe simu ya video kabla ya chakula, yeye ndiye asome majina ya waliozaliwa na waliofariki tangu mwaka jana. Ili ayasome lazima awapigie watu wiki nzima kuyakusanya. Mtandao ukikatika, mwanao awe na orodha akiba.

Na kwa jibu la swali la kijana: tafuteni karatasi za mifuko ya saruji, zishoneni pamoja, mtundike ukutani. Juu kabisa andika nkambo wawili. Kila anayeingia getini ajiandike mwenyewe mahali pake kabla ya kupewa kiti, na asiyejua mahali pake amtafute wa kumwuliza. Ndugu yangu wa Likasi alilianzisha kwetu. Ilikuwa kelele tupu, watu wakifutana, mzee mmoja akagundua kwamba alikuwa akimwita dada mtu ambaye ni mama yake mdogo. Karatasi mnaitunza, mwaka kesho mnaiongezea.

*Tante, kila tukikutana, mjomba mmoja anainua habari ya kuuza kiwanja cha marehemu baba. Wengine wanalia, wengine wanaondoka. Je, si vizuri tumalize jambo hilo siku tukiwa wote pamoja?*
*Shemeji mwenye masikio, mtaa wa Kenya*

Si vizuri. Siku ya sherehe watu wamekunywa bia ya Simba, watoto wanasikiliza, na wenye sauti kubwa ndio wanaoshinda. Pangeni siku nyingine, warithi peke yao, mezani, na mtu wa kuandika. Mwende mkijua sheria. Sheria ya familia, ambayo kwa bahati ni ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, inawaweka watoto wa marehemu, wa kike na wa kiume, katika daraja la kwanza, na inawapa robo tatu ya urithi wagawane sawasawa. Mtoto aliyekufa, watoto wake wanasimama mahali pake. Robo iliyobaki ni ya daraja la pili: mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Wajomba wa marehemu, baba zake wadogo na tante zake wako daraja la tatu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mjomba huyo ni yeye ni nani kwa marehemu, na anasimama daraja gani. Mkishindwana, mahakama ipo. Kama ataliinua tena tarehe 1, mwambieni tarehe ya kikao na mmpe sahani.

*Tante, nina miaka 19, nasoma UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Sitaki kwenda kwenye mkutano wa familia. Kiluba sikijui, nimekulia Kifaransa na Kiswahili. Nikisalimu wazee wanacheka, halafu wanamgeukia mama: "Umetuzalia mzungu?" Mama analazimisha. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, mtaa wa Golf*

Kwanza kwa wazee wanaosoma hapa: mlihamia mjini, mkawalea watoto kwa Kiswahili ili wacheze na majirani, mkalipa shule wajifunze Kifaransa, sasa mnamcheka mjukuu kwa kazi yenu wenyewe. Mwacheni.

Nawe mwanangu, kukosa lugha hakukutoi katika ukoo. Chagua mzee mmoja, yule anayecheka kuliko wote, umfuate pembeni kabla ya sherehe, umwombe akufundishe salamu na namna ya kumtaja yeye na wewe kwa undugu wenu. Ni maneno machache, jioni moja inatosha, na mzee aliyekufundisha hatakucheka mbele ya watu kwa sababu atakuwa anajicheka mwenyewe. Nenda mapema, wakati viti havijapangwa. Aliyekutwa akipanga viti haulizwi maswali mengi. Ukiona mambo ni yaleyale, ingia jikoni, shika mwiko. Wakikuuliza unafanya nini huko, sema umetumwa na Tante.